Jokofu Lililougua Siku za Giza

Kwenye sherehe ya kuniaga walisoma vyeo vyangu vyote, kuanzia kile cha kwanza mpaka kile nilichopewa nikiwa tayari nimefunga mizigo, nadhani ili maelezo yasiwe mafupi. Nilisikiliza kwa heshima, soda mkononi. Hakuna aliyetaja utambi, wala kioo cha kunyolea, wala kigoda. Kwa hiyo nyinyi vijana mliobaki karakana, mnaohangaika na majokofu ya chanjo kuanzia Mpanda mpaka ziwani, nimeona niwaandikie yale yaliyorukwa. Mkichoka kusoma wekeni pembeni, mtarudi. Mimi sasa nina muda kuliko nyinyi.

Nilizaliwa Majengo, nyuma ya duka la vitambaa la marehemu baba. Yeye alitegemea nirithi mkasi na futi ya kupimia, mimi nikapenda redio mbovu. Nilipopata kazi ya ufundi msaidizi wa majokofu ya zahanati, mama aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Sasa mwanangu, hao wagonjwa nao wanataka maji ya baridi?" Ilinichukua mwaka mzima kumweleza kwamba ndani ya jokofu lile hakuna maji ya kunywa wala soda, kuna chanjo za watoto tu, na kwamba chanjo ikipata joto inakufa. Alipoelewa alianza kuwatambia majirani kwamba mwanawe anatunza watoto wa mkoa mzima. Alitia chumvi, lakini nani atambishia mama yake?

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na Mzee Sikazwe, fundi mkuu, Mfipa mwembamba aliyevaa koti hata juani. Alinikabidhi kigoda cha miguu mitatu, akaniketisha mbele ya jokofu bovu na kusema neno moja: "Kaa." Nikakaa. Nilidhani anakwenda kuleta vitabu, kumbe amekwenda kunywa chai. Aliporudi aliuliza, "Limekwambia nini?"

"Halijasema kitu, mzee."

"Basi hujakaa."

Nilijua nimeangukia mikononi mwa mtu mwenye kasoro kichwani. Baada ya wiki chache nilianza kumwelewa. Majokofu yetu wakati ule yalitumia mafuta ya taa. Chini kuna tangi na utambi, moto mdogo unawaka, na moto huohuo ndio unaoleta baridi juu. Msiniulize maelezo ya kitabuni, nilishayatoa kwenye mitihani na sikuyapenda. Ninachojua ni kwamba jokofu la namna hiyo linagoma kwa sababu ndogo ndogo: limeegemea upande, utambi umeliwa upande mmoja, mlango unafunguliwa na mtu anayetafuta pa kuwekea nyama yake. Ukikimbilia bisibisi utafungua kila kitu na ugonjwa hutauona. Ukikaa nalo kutwa utaona nani anakuja, anafungua nini, na moto unabadilika saa zipi. Vifaa vya Mzee Sikazwe vilikuwa pima maji, kioo kidogo cha kunyolea cha kuchungulia moto kule chini, na kigoda. Bisibisi alikuwa nayo, lakini aliitumia zaidi kukwangulia tope kwenye viatu.

Likishindikana kabisa alikuwa na dawa moja ya mwisho. Tulilizima, tukalipindua kichwa chini miguu juu, tukaliacha hivyo mpaka kesho yake. Manesi walidhani tunafanya mambo ya kienyeji. Mmoja alitaka kujua kama kuna kuku wa kuchinjwa. Mzee Sikazwe akamjibu kwamba kuku atapokelewa, ila si lazima. Kesho yake likisimamishwa linapoa kama vile halijawahi kuugua, na kuku tulikula.

Safari yangu ya kwanza ya ziwani tulikwama Kabungu, gari limezama kwenye tope mpaka milangoni. Akatokea mzee wa Kisukuma na ng'ombe wake wa kulimia, akatazama lile jokofu tulilolifunga nyuma ya gari, akauliza limebeba nini. Mzee Sikazwe akamweleza habari ya chanjo. "Ya watoto tu?" akauliza yule mzee. "Na ndama je, ng'wanawane, mwanangu?" Aliposikia ndama hawamo alisikitika waziwazi, lakini alitutoa. Kila nikipita Kabungu mpaka leo najiona nina deni la ndama.

Tulikofikia ni kijiji kimoja cha ufukweni, mbele ya Ikola. Jina lake naliacha, wenyewe watajijua. Jokofu la zahanati lilikuwa la moto, nje limepiga masizi mpaka ukutani. Nikachungulia kwa kioo. Ule moto unaotakiwa kuwa mdogo na wa bluu ulikuwa mkubwa, wa njano, unacheza kama wa jikoni. Nesi akasema tumuulize Issa.

Issa alikuwa mvuvi kijana wakati ule, kifua mbele, maarufu pwani nzima kwa karabai zake. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa: usiku wa giza wavuvi wanawasha, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwenye taa kali ndiye mwenye dagaa. Basi jokofu liliposumbua, nesi akamwita mtu anayejua taa kuliko wote, na Issa kwa moyo mweupe akalipandishia utambi mpaka mwisho.

"Nimelitia nguvu," alituambia, anajivunia. "Lilikuwa linawaka kinyonge, hata mdudu asingesogea."

Mzee Sikazwe hakumcheka. Alimpa kigoda na kioo, akamwonyesha moto wa bluu, akamwambia, "Huyu hatuvulii dagaa. Huyu tunambembeleza." Issa akabaki pale mpaka jioni. Tangu siku ile akajiteua mwangalizi wa moto wa zahanati, na jina la Fundi Baridi, ambalo nimezeeka nalo, alinibatiza yeye.

Hapo ndipo nilipojifunza pia kalenda ya ziwani. Mwezi ukijaa, usiku mzima kunang'aa, taa ya mvuvi haimvuti dagaa yeyote. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanapumzika. Harusi zinafungwa, ugomvi unasuluhishwa, nyavu zinashonwa, kina baba wanakumbuka sura za watoto wao. Mwezi ukififia, siku za giza zinaanza, na kijiji chote kinarudi majini. Ndiyo maana gari letu la chanjo lilipangiwa kwenda siku za mbalamwezi, tuwakute watu nyumbani. Mpango ule ulikuwa mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye ndio uliotaka kuniaibisha.

Katika siku zote hizo, niliyoipenda kuliko nyingine ni mbalamwezi ya mwisho wa masika. Mvua zimeshaaga, pepo za kiangazi bado hazijaamka, ziwa limetulia. Asubuhi unavaa sweta, mchana unalivua, hakuna anayelalamika juu ya joto wala baridi. Milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kama imesafishwa. Mahindi mabichi yanachomwa, watu wanajibu salamu kwa kirefu. Mzee Sikazwe alisema wiki hiyo ilipaswa kuhesabiwa kama likizo, kisha akachapa kazi kuliko wiki zote.

Alipostaafu aliniachia kigoda. Bisibisi aliondoka nayo.

Miaka ikaenda, mafuta ya taa yakaanza kutoka, majokofu ya sola yakaingia. Kijiji cha Issa kilikuwa cha kwanza ziwani kupata. Paneli juu ya bati, betri kubwa nne kwenye sanduku la mbao chumba cha nyuma, jokofu jeupe linalonguruma kwa adabu. Mkuu wa zahanati alikuwa Nesi Veronika, mama wa mtaa wa Nsemulwa kule Mpanda, mnene, mcheshi, mkali kwenye usafi. Alilifunika jokofu kwa kitambaa cha kufuma kama televisheni. Issa, ambaye sasa alikuwa na mvi na mitumbwi miwili, alilizunguka, akainama kutafuta utambi, asiuone.

"Kwa hiyo mi nimeachishwa kazi?" akaniuliza.

"Umestaafishwa kwa heshima."

"Hata soda hamjanipa!"

Tukacheka. Kicheko hakikudumu. Mwezi wa kwanza ulipita salama, wa pili nikapata ujumbe kwa redio koli: chanjo zimeharibika. Kila kichupa kina alama ndogo inayogeuka rangi kikipata joto, na za Veronika zote zilikuwa zimegeuka. Nilikwenda na gari la mbalamwezi, nikafungua mlango wa jokofu, mkono ukakutana na baridi ya Sumbawanga. Betri zimejaa. Waya mzima. Nikabadilisha kile kidude cha kudhibiti chaji kwa ajili ya kujiridhisha, tukaweka chanjo mpya, tukaondoka. Haukuisha mwezi, ujumbe uleule. Nikarudi, baridi ileile. Nikabadilisha waya. Nikarudi tena, nikabadilisha betri moja niliyoishuku tu kwa sura. Jokofu lilikuwa kama mtoto anayelia usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheka.

Msidhani yalikuwa maudhi ya fundi peke yake. Alama ikigeuka, chanjo inamwagwa, na mama aliyepanda kilima na mtoto mgongoni anaambiwa arudi. Kambi ya uvuvi ya jirani, ambako hakukuwa na zahanati, walikuwa wamezika watoto kwa surua. Masika yale barabara ilikatika, gari letu likaruka mwezi mzima, na Veronika akawa anawarudisha kina mama wiki baada ya wiki. Bosi wangu wa Mpanda alikuwa mtu wa haki lakini alichoka. Aliniita na kunipa amri iliyo wazi: safari hii lipakie hilo jokofu, lipelekwe zahanati nyingine iliyoliomba, penye watu wanaojua kutunza. Kina mama wa kijiji kile wangefuata chanjo Ikola kwa mtumbwi. Nilijua, na yeye alijua, wangapi wasingekwenda.

Basi nilifika wiki ile niipendayo, mwisho wa masika, mwezi umejaa, nikiwa nimebeba kamba za kufungia jokofu. Kwa mara ya kwanza sikuifurahia. Ufukweni wanaume walikuwa wameketi na nyavu mapajani wakishona, nyumba ya tatu kutoka zahanati kulikuwa na harusi, na Veronika alinipikia samaki kuhe wa nazi ambaye sijapata kumla tena mfano wake. Aliziona kamba. Alilipangusa jokofu lote, akakitoa kile kitambaa, akakikunja.

Dereva wetu, Pius, alirudisha gari nyuma mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Jokofu linanguruma vizuri, baridi safi, na mimi nimekaa, naliaga. Ndipo nikamsikia Mzee Sikazwe kichwani na koti lake: basi hujakaa. Nikajiuliza, kwani nimeshawahi kukaa hapa lini? Nilikaa siku za mbalamwezi tu. Siku za giza sijawahi kuziona. Ninakuja na mwezi, naondoka na mwezi, na ugonjwa unaingia mlangoni nikitoka.

"Pius," nikasema, "wewe nenda. Mi nabaki."

"Na jokofu?"

"Nalo linabaki."

"Fundi, bosi atanichinja."

"Mwambie nimekataa kupakia. Atanichinja mimi, we utakula pilau tu."

Pius alinung'unika, akawasha gari, akaniachia blanketi lake. Mtu mwema yule. Nilimwona Veronika akilitazama gari likiondoka. Nilitegemea afurahi, lakini alionekana kama mtu aliyeingiliwa na mgeni asiyejua ataondoka lini.

Wiki ile nilikaa kweli. Asubuhi kigoda kwenye baraza, mchana chumba cha nyuma pembeni ya betri. Nikala harusini. Nikamsaidia Issa kushona wavu wake, akaufumua baada yangu bila kuficha. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Zena, na Issa alikuwa anamzungusha ufukweni kwenye khanga anamwonyesha mitumbwi. "Huu wa babu. Huu nao wa babu. Ule wa jirani usiutazame." Mimi na Issa tulitaniana kila siku, ila kila nilipogusia jokofu alipata kazi ya ghafla mahali pengine. Hata harusini niliona watu wakiniuliza kwa upole uliozidi, "Kwa hiyo Fundi, unaondoka lini?" Nikajisemea, wanajali sana wageni.

Mwezi ukafifia. Jioni moja mitumbwi ikasukumwa majini, taa zikawaka mbali ziwani, nikalala. Asubuhi niliamka kabla jua halijapanda, nikatoa kigoda barazani. Chini ufukweni kina mama walikuwa tayari wanaanika dagaa kwenye chanja. Kisha nikaona wanaume wanapanda kilima. Wanakuja kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na betri ya gari begani. Karabai zilikuwa zimeshapitwa na wakati, wote walivulia taa za betri, na mimi nililijua hilo siku nyingi bila kulifikiria.

Wa kwanza akaniona, akasimama ghafla, wa nyuma wakagongana. Mmoja akajaribu kuificha betri nyuma ya mgongo, kitu kisichowezekana.

"Shikamoo, Fundi," akasema wa mbele. "Tulikuwa tunapita tu."

"Marahaba. Mnapita mnakwenda wapi?"

Nyuma ya zahanati kuna mwamba, hakuna njia. Akaangalia mwamba, akaniangalia mimi. "Tulikuja kukujulia hali," akasema. Issa alikuwa wa nne kwenye mstari, anatazama viatu vyake.

Nilitaka kukasirika na nilianza vizuri tu, lakini Veronika alitoka, akaketi sakafuni pembeni ya kigoda changu kama mtu aliyechoka kusimama muda mrefu.

"Usiwagombeze," alisema. "Ni mimi niliyewaruhusu."

Akanieleza. Mwaka ule jokofu lilipokuja, alikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua. Gari hakuna, njia ya kwenda kituo cha afya cha Karema kwa nchi kavu haipitiki. Akamkimbilia Issa, ambaye ndio kwanza ametoka majini, betri ya taa yake imekwisha. Kwenda na mtumbwi usiku bila taa kupitia miamba ya pale ni kujitia kaburini. Veronika akaichomeka betri ya Issa kwenye betri za jokofu, ikapata chaji kidogo, Issa akaenda. Mama akafika, mtoto akafika. Issa akasema, nichajie betri, nami nitakubebea wazazi wote bure, saa yoyote. Veronika akakubali. Wavuvi wengine wakasikia, wakasema nao watabeba. Kutoka betri moja zikawa nyingi. Siku za giza betri za wavuvi zilifyonza za jokofu mchana, usiku jokofu linazimika kimyakimya. Siku za mbalamwezi hakuna wa kuchaji, jokofu linapona, na mimi nafika na gari langu kulipima.

"Tangu hapo sijapoteza mama hata mmoja njiani, Fundi," alisema. "Hata mmoja. Chanjo nilijua zinakufa. Nilikuwa nazimwaga huku nalia. Lakini ningewafukuza hawa, nani angenibebea? Na ningekwambia wewe, ungefanyaje? Ungeripoti."

Ningeripoti. Nilikaa pale, mimi Fundi Baridi na vyeti vyangu, na kila upande niliouangalia kulikuwa na mtoto. Nilimpenda yule mama siku ile kama dada yangu wa tumbo moja, na nilimwogopea.

Kitu kimoja tu nilikuwa na hakika nacho: wale wanaume hawakujua. Niliwaita wote barazani, waweke betri chini. Mmoja alisema kabla hata sijaanza, "Fundi, jua si la bure? Linapungua?" Wenzake wakaitikia. Walidhani paneli ni kama ziwa, kila mtu anachota na maji yako palepale.

Nikatoa vichupa vya chanjo vilivyoharibika ambavyo Veronika alikuwa hajavimwaga, nikavipanga kwenye kigoda.

"Nyie ni watu wa samaki," nikawaambia. "Barafu ikiisha kwenye sanduku, mnajuaje samaki kaharibika?"

"Ananuka," wakasema kwa pamoja.

"Haya, nuseni hizi."

Walinusa. Watu wazima wale, wanaume wenye mikono ya kuvuta nyavu, walinusa kimoja baada ya kingine wakipokezana.

"Hazinuki," akasema Issa.

"Hazinuki. Na zote zimeoza. Zimeoza nyie mkichaji."

Mmoja akauliza kwa sauti ndogo ikiwa watoto wao walichomwa hizo. Veronika akasimama. "Mimi nimchome mtoto kitu kilichooza? Mimi?" Alikuwa mkali kweli. "Niliwarudisha! Wake zenu wamepanda hiki kilima nimewarudisha. Waulizeni. Wewe Issa, Zena wako nimemrudisha mara mbili."

Issa aliinua uso. Alikuwa mweusi tii yule mzee lakini niliona uso ukimpauka. Binti yake alikuwa amemwambia tu kwamba dawa zimeisha.

"Kumbe namnyang'anya mwenyewe," alisema. "Mjukuu wangu, mi mwenyewe." Akaichukua betri yake, akaitazama, akaiweka chini tena kama haijui ya nani.

Wengine wakaanza kuapa kwamba hawataleta tena betri hapa. Veronika akashika kichwa, kwa sababu huo ndio uliokuwa mwisho wa mitumbwi ya wazazi. Ni Issa aliyesema, baada ya kufikiri, na alisema polepole.

"Sikilizeni. Kubeba mama kunahitaji taa ngapi? Moja. Basi ichajiwe moja. Siyo yangu, siyo ya nani. Ya mama. Mwenye zamu ya kubeba analala nayo, asiende nayo kuvua. Hizo nyingine tukahangaike kuzichajisha dukani kwa hela."

"Zamu itamkosesha mtu dagaa siku hiyo," mmoja akapinga.

"Itamkosesha. Na mkeo akishikwa uchungu siku hiyo?"

Tulibishana mpaka jua likawa kali, si juu ya kukubali bali juu ya namna ya kupanga zamu, na hilo lilinitosha. Upande wangu niliwaonyesha saa ya kuchaji: mchana jua likiwa katikati, betri za jokofu zikiwa zimeshajaa, na kamwe si jioni. Nikaweka swichi yenye kufuli, ufunguo kwa Veronika. Issa alitafuta rangi nyeupe ya kuandikia majina ya mitumbwi, akaandika kwenye betri ile herufi nne: MAMA.

Nilibaki siku za giza zote. Jokofu halikuzimika. Bosi alinipata kwenye redio koli akiwa tayari ameandaa maneno, nikamwacha ayamalize, kisha nikamweleza kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na la Veronika, kwa ridhaa yake.

"Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa nini?" akauliza mwishowe.

"Mwezi, bosi."

Nikasikia anapumua. "Hiyo betri ya mama iwe mali ya zahanati," alisema. "Na wewe rudi, mkeo amekuja ofisini kuuliza kama umehamia ziwani." Veronika alibaki pale mpaka alipostaafu. Kile kitambaa alikirudisha juu ya jokofu kabla sijazima redio. Chanjo mpya zilipofika, Zena alipata ya begani wiki ileile, akapiga kelele kijiji kizima kikasikia, na babu yake akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama.

Nina hadithi nyingine za miaka iliyofuata, za nyani waliojifunza kufungua mlango na za panya mla waya, lakini ninyi wenyewe mmezisikia mpaka mkachoka. Niruke mpaka safari yangu ya mwisho.

Ilikuwa mwaka huu, mwisho wa masika. Tulipeleka jokofu la kisasa, lile lisilohitaji betri kabisa, linalochota jua moja kwa moja na kujitunzia baridi lenyewe. Paneli moja ya zamani niliiacha juu ya bati, na ile swichi yenye kufuli, kwa ajili ya betri ya mama. Siku hizi wavuvi nao kila mmoja ana paneli yake ndogo. Kazi iliisha mapema, nyinyi vijana wa kwetu mkapakia vyuma chakavu, mkaniita nipande. Nilikuwa barazani kwenye kigoda. Ziwa lilikuwa limetulia vile vile, sweta nimelivua, mwezi wa jana yake ulishaanza kumegeka. Nikawaambia nitakuja na basi. Mliangaliana, mkadhani uzee. Gari likaondoka.

Siku za giza zilipoingia, mchana jua likiwa katikati, nilimwona mtu anapanda kilima. Mmoja tu. Alikuwa mwanamke kijana, betri kichwani, mikono haijaishika, anatembea bila haraka. Aliponiona hakusimama. Alikuja mpaka barazani, akainama akaishusha, gauni likateleza begani nikaona kovu dogo la mviringo. Betri ilikuwa mpya, zile za zamani zimeshakufa nyingi, ila herufi nne zimeandikwa kwa mkono uleule unaotetemeka sasa.

"Shikamoo, Fundi Baridi."

"Marahaba, Zena. Zamu yenu?"

"Yetu. Mitumbwi ya babu naisimamia mimi sasa, yeye kazi yake kutoa amri." Akatazama barabara. "Gari lenu liliondoka bila wewe, eh?"

"Liliondoka."

"Basi babu kashinda. Alibishana na watu pale ufukweni, wanasema utaondoka na wenzako, yeye anasema huyo hawezi kwenda na mwezi." Akacheka, akaingia ndani kuomba ufunguo kwa nesi.

Nilishuka kwenda kumpongeza aliyeshinda. Kigoda sikukirudisha karakana, na najua kuna aliyekitafuta. Kipo pale barazani, upande wa ukuta wa jokofu. Atakayekihitaji itabidi aende akakikalie.